Uwatu kwenye Kinu cha Pilipili

Shuleni tulikuwa tunanyoa, kwa hiyo nilipomaliza kidato cha nne ndipo nilipoziacha nywele ziote. Zikaota, ila kavu. Dada yangu alikuwa na sendofu, sherehe ya kumuaga kabla ya harusi, baada ya wiki sita na mie ndiye wa kusimama naye mbele. Nilitaka kusukwa mistari kwa nywele zangu mwenyewe. Msusi wa Sinza alipitisha kitana mara moja tu, akanionyesha vipande vilivyonasa.

"Mdogo wangu, hizi zinakatika kama tambi. Usipozilainisha, utaweka rasta za dukani."

Wateja wakacheka. Nikacheka nao, ningefanyaje.

Jirani na kwetu Chanika kuna mama wa Kiarabu anayeuza viungo. Tangu usichana anatumia dawa za Kihindi za asili, wenyewe wanaziita ayurveda, alifundishwa na jirani yake Mhindi. Nywele zake sijawahi kuziona, daima yuko ndani ya mtandio, lakini nilimwamini.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mbona unanong'ona, umekuja kuniibia?"

Nikamweleza. Akanipimia mbegu za uwatu na unga wa amla, tunda la Kihindi. Uwatu niuloweke usiku, asubuhi niusage, nipake saa moja, nioshe. Amla niichemshe na mafuta ya nazi, nijipake mara mbili kwa wiki. Na nisizipige tena pasi ya kunyooshea nywele.

Asubuhi umeme ukakatika, blenda haina kazi. Nikachukua kinu, nikatwanga, nikapaka mpaka kwenye ngozi. Dakika tano tu kichwa kikawaka moto. Sikupiga kelele, hata kulia niliona aibu. Mama yangu alinikuta nimeinama kwenye ndoo.

"Umetwangia wapi?"

"Kwenye kinu."

"Kinu kipi?"

"Cha pilipili."

Mama akakaa chini kabisa. "Mwanangu, si ungeongeza na kitunguu, tukale?" Alicheka huku ananipaka mafuta ya nazi kutoa ule ukali, kisha akaniosha kwa sabuni, mara tatu.

Nilitaka kuacha. Lakini kila nikiwaza wale wateja, naloweka tena. Siku hizo umeme ukikatika nasubiri urudi. Mto wangu ukawa unanukia uwatu, dada akahamia kulala upande wa ukutani.

Wiki ya sendofu nikarudi Sinza. Msusi akaanza kisogoni, taratibu, kama anayeogopa kupata kesi. Kitana kikapita. Akakiangalia, kitupu, akapitisha tena. Sijui kama ni uwatu, mafuta, au kuacha pasi, sitaki kudanganya. Mistari ilifika shingoni tu, ila ilikuwa yangu.

"Umetumia nini wewe?"

Saluni nzima ikageuka. Zamani ningesema sijui.

"Uwatu," nikasema, kwa sauti ya kusikika. "Ila usitwangie kwenye kinu cha pilipili."