Alama za Vidole Chini ya Ghala

Antandu Gindo hakuwa mtu wa maneno. Ukimkuta anajenga, utamsalimia wee, naye atalilaza kwanza jiwe lake, alitikise, alitoe, aligeuze, alirudishe, ndipo akuulize watu wa nyumbani hawajambo. Kusema alimwachia Sagu, rafiki yake waliyetahiriwa naye msimu mmoja. Antandu alilaza mawe, Sagu alikanyaga tope. Maghala mengi yaliyobanana chini ya mwamba wetu wa Bandiagara ni kazi ya wawili hao.

"Tope lako leo jepesi kama mchuzi wa Wabozo," Antandu alikuwa akimwambia.

"Wabozo ni wavuvi, mchuzi wao una samaki. Wewe mkeo anakupikia nini zaidi ya majani?"

"Leta tope, bwana."

Jiwe lilishamponda Sagu ujanani, akapoteza kidole cha mwisho cha mkono wa kulia. Popote aliposiliba ukuta, mkono wake uliacha mistari mitatu.

Mwaka ule mvua zilikatika mapema. Mzee Akunyo, mkuu wa mtaa, akaamua mbegu za watu wote ziwekwe pamoja, asije mtu akazidiwa na njaa akazila. Antandu na Sagu wakajenga ghala la mbegu hizo: mawe makubwa chini ya kuzuia panya na mchwa, juu ya mawe magogo, juu ya magogo sakafu ya udongo na makapi, kisha kuta nyembamba za tope na kofia ya nyasi. Mlango ulikuwa mmoja, mdogo, juu kabisa. Mzee Akunyo akaufunga mwenyewe.

Wakati wa kupanda ulipokaribia, mzee akapanda ngazi, akafungua. Ndani mlibaki mawele ya kujaza vibuyu vichache tu. Mlango haukuwa umeguswa, kuta hazikuwa na ufa.

Watu wakatazamana. Nani anaweza kuingia ghalani bila kulibomoa, kama si aliyelijenga?

Walipotawanyika, Antandu alilala chali akajipenyeza kati ya mawe ya msingi. Sakafu ilikuwa imetobolewa kutoka chini, mawele yakamiminwa kapuni, kisha tundu likazibwa. Na kwenye kiraka hicho kikavu aliiona mistari mitatu.

Hakumwita mtu. Alijipangusa vumbi, akaenda kwa Sagu, akamkuta akiponda vitunguu.

"Nimeuona mkono wako," akamwambia.

Sagu hakuinua uso. "Umemwambia nani?"

"Wewe."

"Watoto walikuwa hawalali kwa njaa, Antandu."

"Wangu walikuwa wameshiba?" Antandu akaketi kando yake. "Kesho wazee wanakaa bandani. Sema mwenyewe. Mimi nitakuwa karibu yako. Nitawaambia tutalipa pamoja mavuno yakija."

Sagu akamshika mkono. "Wewe ni ndugu yangu. Nitasema."

Banda letu la wanaume lina paa fupi, ili mwenye hasira asiweze kusimama. Siku hiyo Sagu ndiye aliyetangulia kusema.

"Mimi ni mkanyaga tope tu, wazee wangu. Ya mawe siyajui. Lakini jana nimemwona Antandu akitoka chini ya lile ghala."

Antandu alidhani hakusikia vizuri. "Sagu?"

"Si ulikuwako? Kama nasema uongo, kana."

"Nilikuwako. Twendeni mkaangalie alama za vidole."

Wakaenda. Mzee Akunyo akamtuma mdogo wake ajipenyeze chini.

"Tope hapa bado bichi," ikatoka sauti. "Limelainishwa upya. Alama hakuna."

Antandu akaitazama mikono ya Sagu. Ilikuwa imeoshwa, safi hadi viwikoni.

"Usiguse tena ghala la mtu, mwanangu," mzee Akunyo akasema, na ikawa basi.

Nyumbani, Yaisa mkewe, mama wa mtoto wao Domo, alikuwa akitwanga. Akauacha mchi, akasogea karibu, akasema polepole, "Baba Domo, mimi ni mkeo. Niambie umeyaficha wapi. Tupande japo kidogo."

Antandu akachukua jembe akatoka. Miaka ilipopita aliwahi kuniambia kwamba la Sagu alijua alibebe vipi. Lile la Yaisa hakujua aliweke wapi.

Mtaa ukaazima mbegu kwa watu wa juu ya mwamba, mawele yanayochelewa kuiva. Yetu huwahi, na masuke yake yana ndevu nyekundu. Mashamba yote yakiwa bado majani matupu, wanawake waliokwenda kutafuta kuni walipita korongoni, nyuma ya mawe, wakakuta kishamba cha Sagu kimejaa masuke mekundu. Kumbe si njaa ya watoto tu. Alikuwa ameweka na ya kupanda.

Mzee Akunyo alikuja kwa Antandu, akachuchumaa mlangoni, hakuingia.

"Tulikukosea."

"Ndiyo."

"Rudi ujenge."

"Nitajenga. Ila sitaki mtu wa kunikanyagia tope."

Yaisa akaleta maji ya kunawa. "Baba Domo, ile siku..."

"Acha," Antandu akamwambia. "Chakula kinapoa."

Hawakuizungumza tena.

Sagu alihamia uwandani na watu wake. Siku moja walikutana sokoni. Sagu akaanza salamu zetu ndefu: hujambo, watoto, shamba, mbuzi. Antandu akaitikia zote, moja moja, maana salamu hainyimwi.

"Siku hizi tope nani anakukanyagia?" Sagu akauliza.

"Miguu yangu mwenyewe."

"Si utachelewa sana?"

"Nachelewa."

Sagu akangoja, kama mtu anayetarajia kutaniwa. Antandu akajitwika kapu lake la vitunguu, akamuaga kwa adabu, akapita.