Maji ya Mguu wa Babu

Kila msimu wa korosho, harufu ya mabibo yaliyochachuka chini ya mikorosho hunirudisha Newala, uani kwa babu yangu, nikiwa binti wa miaka saba.

Babu alipoteza mguu wa kushoto vitani Uganda, akiwa askari kijana. Ulikatwa juu kidogo ya goti. Lakini alasiri nyingine alikunja uso, akapapasa hewa pale unyayo ulipopaswa kuwa, akasema unaungua. Siku hizo hakula, hakuitikia shikamoo, msikitini hakwenda. Watu walisema anadeka. Mzee Saidi, mtani wake, alipita siku moja akamchokoza: "Mguu umeuacha Uganda, nani kaulipia nauli uje kukuuma huku?" Babu, bingwa wa kujibu utani, safari hii aliinuka akaondoka. Alijifungia ndani siku mbili. Nikaogopa kwamba safari nyingine hatatoka.

Basi mguu ulipowaka tena, Bibi yuko shambani, niliuendea mtungi wa maji. Aliyekulia Newala atanielewa: maji yale Bibi aliyafuata bondeni, akapanda nayo mlima kichwani. Kwetu hata maji ya kunawia hayakumwagwa ovyo.

"Babu, unaungua wapi?"

"Kidole gumba, mke wangu. Shuka kidogo. Hapo hapo."

Nikamwaga hapo kata ya kwanza, ya pili, ya kumi, mpaka kata ikakwaruza chini ya mtungi. Ardhi ikanywa yote.

Bibi aliporudi akaona tope, akachuma fimbo. "Maji yangu umeyamwaga chini?"

"Hakumwaga chini," Babu akasema. "Kanimwagia mguuni. Umepoa."

Bibi akaitupa fimbo.

Miaka mingi nilijiona tabibu. Nilipokuwa mtu mzima nikampeleka Masasi, ambako daktari alitueleza kwamba mishipa ya fahamu iliyokatwa huweza kuendelea kuleta habari za mguu usiokuwepo. Akampa dawa. Njiani nikamwuliza Babu kama maji yangu yalisaidia.

"Hata kidogo. Uliwaka mpaka magharibi."

"Sasa mbona ulisema umepoa?"

"Ningekuacha uchapwe? Tena wewe ndiye uliyeniuliza unauma wapi."

Ndipo nikaelewa kwamba alikuwa na maumivu mawili: ya mguu, na ya kutosadikiwa. Ya kwanza yalimngoja daktari. Ya pili aliyabeba kimya, mpaka mtoto alipomaliza maji ya nyumba nzima.