Apalokwang na Paipu ya Maji Taka

Lokiru aliajiriwa kulinda geti la hoteli yetu hapa Lodwar, akaishia kuchunga samaki. Ilikuwa mwaka wa 2012, wageni wa kampuni za mafuta wakimiminika mjini, na mwenye hoteli, Mama Akidor, alikuwa ameona tangi la samaki kwa daktari wa meno Nairobi. Roho haikumtulia mpaka naye akapata lake. Na kwa kuwa maji yetu yana chumvi, alikuja fundi wa Malindi akafunga mashine ya kuchuja chumvi nyuma ya jiko, akala pilau yangu mimi mpishi, akaenda zake.

Sijaona mtu aliyependa kazi kama Lokiru. Samaki wale aliwapa majina ya ng'ombe, kila mmoja kwa rangi yake. Mweupe alikuwa Lokwang, na kwa kuwa kwao mwanamume huitwa kwa jina la dume lake la ng'ombe, akatutaka sote tumwite Apalokwang, yaani baba yake Lokwang. Hata mchungaji wa kanisani alimwita hivyo.

Kisha samaki wakaanza kufa, mmoja mmoja, tumbo juu. Akabaki Lokwang peke yake, amelala chini akihema. Mama Akidor akasema huyo naye akifa, Lokiru arudi kwao Kalemng'orok. Lokiru alikuwa akilia waziwazi, mtu mzima, nami nikapandwa na hasira: samaki gani huyu asiyeweza hata kuishi ndani ya maji?

Akaitwa Mabil, Mdinka anayetengeneza pampu katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma. Akaifungua mashine, akaisafisha, akabadilisha vichujio vyote, akakaza kila kiungo. Akatumbukiza kipimo chake cha chumvi kwenye maji ya samaki, akakipiga kofi, akakitumbukiza tena.

"Wallahi, Mama, maji ya bomba iko na chumvi kidogo. Ikipita kwa mashine inatoka na chumvi mingi. Hii mashine inatengeneza chumvi!"

Mama Akidor akaagiza mashine iombewe. Ikaombewa. Kipimo hakikushuka.

Mimi nilikuwa na shida zangu. Mashine ilitoa maji kwa paipu mbili. Moja Lokiru aliipeleka tangini, nyingine ikajaza karai la mbuzi wa hoteli, na mbuzi waliyakataa maji hayo katakata. Hayana ladha, alisema Lokiru. Basi nikawa nayatia chumvi ya jikoni kila siku, ili wanywe.

Siku hiyo nimeshika kopo langu la chumvi, nikamsikia Mabil akimuuliza Lokiru, "Na wewe nachukua maji ya samaki kwa paipu gani?"

"Hii," akasema Lokiru. "Si imeandikwa? Maji taka. Ile maji mtu nataka."

"Ni kweli," akasema Mabil. "Hata mimi nilisoma hivyo."

Mimi nilizaliwa Mpeketoni, huko pwani, na fundi yule wa Malindi aliandika Kiswahili cha kwetu. Nilipiga kelele mpaka wageni wakatoka vyumbani. "Maji taka ni maji machafu! Chumvi yote mashine inaitupa huko!"

Lokiru akanitazama kwa huruma. "Mama Wahu, kama ni chafu, kwa nini wanaandika mtu nataka?"

Nikaweka chini kopo langu la chumvi. Paipu zikabadilishwa. Mabil akafuta maandishi yale, akaandika kwa herufi kubwa: MAJI SITAKI. Kisha wakamwongezea Lokwang maji safi kidogo kidogo, yamechanganywa na ya bomba, asije akashtuka. Mbuzi nao waliyagombania yale ya chumvi mpaka karai likapinduka.

Asubuhi moja, watu wamejaa wanakunywa chai, Lokwang aliinuka kutoka chini akadaka chakula juu ya maji. Lokiru akainua mikono yote miwili, akaikunja kama pembe, akaanza kumwimbia wimbo wa dume, akiruka mbele ya kioo. Mama Akidor alifungua mdomo amkemee, kisha akaanza kumpigia makofi. Wageni wa meza ya dirishani walikuwa wameshaagiza samaki wa kukaanga. Nikawarudisha samaki wa jikoni frijini, nikaenda kuwaambia wameisha, wachukue maharagwe.