Seremala wa Migori Asiyetaka Kugawana Yesu na Mwashi

Jua halijachomoza vizuri, na randa ya Elijah Ogola tayari inalia nyuma ya soko la Migori. Anaranda ubao wa mvule, ananuna, anaranda tena. Kesho kanisa jipya linafunguliwa, na mlango alioutengeneza haufiki ukutani.

"Usiniulize nani aliharibu," ananiambia bila kuinua kichwa. "Ni wivu uliharibu."

Elijah ni seremala tangu ujana wake. Kiti anauza shilingi nne, na kwa bei hiyo hakuna aliyepata kutajirika. Lakini fahari alikuwa nayo tele. Kila Krismasi mchungaji wa zamani alimsimamisha mbele ya waumini na kusema, "Huyu anafanya kazi aliyoifanya Bwana." Wanawake wakapiga vigelegele, naye akarudi kuketi kichwa kimemvimba.

Mwaka jana, 1965, akaja Mchungaji Jared, ametoka chuo cha Biblia. Akiwa mimbarani alieleza kwamba neno la kazi ya Yesu, ambalo Biblia yetu inalitaja kama seremala, kwa Kiyunani ni tekton, yaani fundi wa kujenga. Wa mbao hasa, alisema, lakini huenda hata wa mawe yumo. Kisha akamwita Monari, mwashi kutoka Kisii anayejenga kanisa hilo, akamsimamisha bega kwa bega na Elijah.

Vigelegele siku hiyo vilikuwa vya watu wawili. Elijah damu ilimchemka.

"Nilimwangalia na matope yake kwenye viatu," anakumbuka, "nikasema, hata Yesu ananinyang'anya?"

Tangu hapo hakukanyaga penye ujenzi. Fundi wa mlango hupima uwazi wa ukuta kabla hajakata ubao. Hilo hata anayejifunza kazi leo analijua. Elijah aliona afadhali atumie vipimo vya mlango wa kanisa la zamani kuliko kumsalimu Monari. Benta, mkewe, alicheka mpaka akashika mbavu.

"Baba Rispa, hii ni nyiego tu," alimwambia, akitumia neno la Kijaluo la wivu wa wake wenza. "Wewe na huyu Mkisii mmeolewa na Yesu boma moja?"

Juzi mlango ulibebwa hadi kanisani. Ulipowekwa mahali pake ulikuwa kama mtoto aliyevaa koti la babake: kila upande pengo la shibiri nzima. Elijah akafoka mbele ya watu.

"Omera, ndugu, nani alikuambia upanue? Jaza mawe hapa, leo leo!"

Monari hakupandisha sauti.

"Siwezi, fundi. Siku ya mazishi ya mama yako mimi nilikuwa kati ya wale walibeba jeneza. Mlango wa zamani ulikuwa mwembamba, tukamlaza kwa ubavu ndio apite. Niliona vile ulifunika uso. Hapa nimepanua, mama wa mtu asipite hivyo tena."

Jeneza lile Elijah alilitengeneza kwa mikono yake mwenyewe. Aliketi juu ya mfuko wa saruji. Anakiri kwamba aliona aibu, na kwamba aibu hiyo ilimuuma zaidi kwa sababu ilitoka kwa Monari.

Jana alikwenda Homa Bay kwa Suleman, muuza mbao wa karibu na gati, akarudi na mvule juu ya basi. Sasa anaunga mbao mpya kila upande wa mlango. Monari amekuja kusaidia kubeba. Wanafanya kazi wakisemezana kidogo tu, "inua" na "shusha".

Je, wivu umekwisha? Elijah anamngoja Monari aende kunywa maji, kisha anashusha sauti.

"Haujaisha. Kesho nitasimama naye, kwa sababu ya mama. Naomba tu Jared asimwite yeye kwanza. Lakini ndugu mwandishi, andika hii: mtu akiingia kanisani hashiki ukuta. Anashika mlango."