Kunguru Niliyemdhamini kwa Bi Mize

Kosa la wengi ni kudhani kunguru wote ni mmoja.

Mwenye shingo ya kijivu ni mgeni, na ni mwizi. Mwenye kifua cheupe ni wetu wa tangu zamani. Huyu nimemtetea miaka mingi.

Leo asubuhi jirani yangu, Bi Mize, alimwona ukutani, juu ya vifaranga wake. Akaokota jiwe.

Nikamzuia. "Mwache, Bi Mize. Huyo muungwana."

Akaniamini, akaingia ndani.

Kunguru akanitazama (naapa, alinitazama!), akashuka, akaruka na kifaranga.

Bi Mize akatoka.

"Maalim, muungwana wako keshashiba?"

Nyinyi mngemjibu nini?

Kifua cheupe au shingo ya kijivu, wafunikeni vifaranga wenu kwa tenga leo hii.