Mtungi wa Biuma

Jumamosi hiyo karani wa Leta, yaani Serikali ya Wabelgiji, alipanda juu ya kiti akatangaza kwamba posho ya wajane imekatwa. Pesa zimekauka huko Ulaya, alisema, shaba haina wanunuzi, Serikali haina kitu. Kisha akashuka, akaenda kwake kula. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Nilimsonya, tena kwa sauti.

Ilikuwa mwaka wa 1931, hapa hapa Kamina, kwenye kambi ya watu wa reli. Jirani yangu Biuma alikuwa amefiwa na mumewe, Umba, na kila juma Leta ilimpa unga, mawese na samaki wakavu wa kulisha binti zake wawili. Hakuwa na kingine.

Habari mbaya ina miguu mirefu. Siku ya tatu akafika shemeji yake, Kapenda, na baiskeli yake kutoka upande wa Bukama. Alikuwa tayari na wake wawili, akataka kumrithi Biuma awe wa tatu. Mjane anayejilisha huwezi kumburuta. Sasa posho haipo, akaona mlango uko wazi.

"Bibi ya ndugu yangu," akasema, "nani atakulisha? Funga mizigo."

Biuma aliinamisha macho kwa heshima. "Shemeki, uningojee mpaka Jumapili. Kama utakuta hapa kuko njaa, minyi mwenyewe nitabeba mikeka nikufuate."

Kapenda alicheka, akaenda kulala kwa rafiki yake.

Sisi wanawake wa mstari ule tulikuwa na likelemba ya unga: kila juma kila mmoja anatoa kikombe, na mmoja anapokea vyote. Zamu haikuwa ya Biuma, tulimpa hivyo hivyo. Nilidhani atawasongea watoto bukari, ugali wetu. Wapi! Alipika uji mwingi, akauacha upoe, akaponda mizizi aliyoichimba porini, akailoweka humo mpaka uji ukawa mwepesi na mtamu. Munkoyo. Watoto wanakula sombe tupu, majani ya muhogo, mama anatengeneza kinywaji! Damu ilinipanda.

"Weye Biuma, uko na akili kweli? Unga ule tulijinyima."

"Yaya, nikiupika bukari, kesho umeisha," akajibu, maana alinihesabu dada yake mkubwa. "Nisaidie kubeba mtungi."

Nilinuna, lakini nilibeba.

Pale stesheni gari la moshi lilikuwa likisimama kunywa maji, na wasafiri wakishuka na vumbi kooni. La asubuhi halikushusha mtu. Jua likapanda, na munkoyo ukikaa kwenye joto unachacha. Niliogopa, nisifiche. Halafu la kutoka Bukama likaingia. Mtu mmoja akaonja, akaita wenzake. Mwenye pesa alitoa pesa, mwenye samaki akatoa samaki, na mtungi ukakauka kabla filimbi haijalia. Biuma akapita sokoni kununua unga, mwingine wa mtungi wa kesho, mwingine wa nyumbani. Nilifurahi mpaka machozi yakanitoka.

Jumapili Kapenda akaja na kamba za kufungia mizigo. Biuma hakubishana naye. Alimletea maji ya kunawa, bukari wa moto na samaki wa mawese, mbele yetu majirani tuliojifanya tunachambua sombe. Kukataa chakula cha mtu ni kuitukana nyumba yake. Kapenda akanawa, akala. Binti mdogo akamwongezea, akala tena.

Tukamngoja aseme kwamba nyumba hii ina njaa.

Alijifuta mdomo. "Aksanti, shemeki," akasema, akapanda baiskeli yake, akaenda peke yake.