Koti la Vifungo Sita

Juzi, mwenzangu, mjukuu wangu alinipakia garini mpaka duka moja la vifaa vya uvuvi, si mbali na bandari ya Matrah, hapa Maskati. Huyu ni yule wa kike, mhandisi kule Rusayl. Yeye na wenzake wa kazini wamechangishana wakanunua mashua ya injini, na wanataka kwenda kuvua Januari, wakati baridi na mvua zinakutana. Alikuwa ameshika koti la mvua kila mkono. Moja la buluu, jepesi, limebana vizuri kiunoni. La pili la manjano, nene, fupi, baya kama gunia, na suruali yake ya kamba za mabegani. Bei karibu ni moja, na mashua ilikwisha kumkausha mfuko, kwa hiyo yote mawili hayawezi. Akanigeukia akasema, "Bibi, wewe unaonaje?"

Nilivuta kiti cha mwenye duka nikakaa bila ya kukaribishwa. Swali hilo niliwahi kuulizwa nikiwa na miaka kumi, katika mji huu huu, na nikalijibu.

Tulifika hapa mwisho wa mwaka 1964, watu watatu: baba yangu, bibi mzaa baba, na mimi. Mama alifariki Unguja nikiwa mchanga. Baba alikuwa karani wa forodha kule, mtu wa kalamu na kanzu iliyopigwa pasi, na Maskati ya siku zile haikuwa na haja na makarani. Tukapata kibanda cha makuti ya mtende nyuma ya Matrah, mlima mgongoni kwetu, na baba akaingia kwenye kazi ya juya, ule wavu mrefu unaozungushwa kwa mashua kisha wanaume wakauvuta kutoka ufukweni, maji yamewafika kiunoni. Ujira wake ulikuwa samaki. Mwezi wa kwanza tu viganja vilipasuka. Bibi alivipaka samli kila jioni, huku akimwambia kwamba marehemu baba yake angeona haya kuvishika.

Nikikwambia kwamba naukumbuka wakati ule kwa raha utanicheka, lakini ndivyo. Nakumbuka mkate wa kumimina, bibi akiukaangia nje juu ya mafiga matatu. Nakumbuka chai ya tangawizi, na debe la maji lililokuwa likinimwagikia shingoni nikitoka kisimani. Kazi yangu nyengine ilikuwa kuwafukuza mbuzi wa jirani, kwani walikuwa wakila makuti ya ukuta wetu. Mchana tulikula wali kwa papa mkavu, usiku papa tena, na sote tulilamba vidole.

Kosa letu lilikuwa moja. Tulidhani tunaijua mvua. Mvua ya Unguja ni ya vuguvugu, watoto huvua nguo wakaiogea, na koti la mvua kule ni la kukinga kanzu isichafuke. Ya huku hunyesha mara chache, lakini ikishuka wakati wa baridi na upepo wa kaskazini nyuma yake, huingia mpaka kwenye meno. Baridi ya kwanza baba alirudi kutoka baharini hawezi kushika kikombe, na kikohozi hakikumwacha mpaka tende zilipoanza kuiva.

Jirani yetu alikuwa mama wa Kibulushi ambaye mumewe ndiye aliyekuwa mkubwa wa juya. Mwaka wa pili, kabla ya baridi, alikuja na pande la amerikani na kopo la sifa, yale mafuta ya maini ya papa ambayo watu waliyapaka kwenye vyombo vyao vya baharini. Akamweleza bibi namna wanavyofanya wao. Kitambaa kinashonwa mara mbili, kinapakwa sifa, kinaanikwa juani, kinapakwa tena, mpaka maji yakigusa yanateleza. Ndani yake huvaliwa fulana ya sufu. Na lazima kiwe kifupi, kisivuke nyonga, ili bahari isipate pa kushika. Gharama yake ilikuwa karibu si kitu. Baba alikinusa kile kitambaa, akakunja pua, akacheka, akasema kinamfaa.

Bibi alimrudishia jirani kopo lake mlangoni. "Mwanangu hatonuka maini," alisema. "Papa sisi tunamla, hatumvai."

Akauza bangili yake ya fedha, ya mwisho. Siku iliyofuata, baada ya sala ya alasiri, akatuchukua wote wawili sokoni. Njiani alinibana mkono. "Unataka chuoni wakwite mtoto wa mnuka papa?" Sikutaka. Wenzangu wa chuo cha Kurani walikuwa na majina ya kutosha ya kuniita.

Kwa mwenye duka la mitumba lilikuwa limetundikwa koti la gabadini, rangi ya khaki, na mkanda, na vifungo sita vya kahawia, refu kuvuka magoti. Mabwana wakubwa wa Unguja walivaa kama hilo wakati wa masika. Baba alilivaa. Akaupima uzito wa pindo kwa vidole vyake vilivyopasuka.

"Zito hili, Mama. Likirowa je?"

Bibi alinisukuma mbele kwa kiganja mgongoni. "Muulize mwanao."

Baba akachutama mbele yangu. "Haya, wewe unaonaje?"

Mwenzangu, nilimwona. Nilimtazama machoni nikajua kwamba halitaki na ananiomba nimsaidie. Nami nikawafikiria watoto wa chuoni. Nikamwambia, "Umependeza, Baba. Chukua koti." Akanifinya shavu, akasimama, akalifunga mkanda.

Wavuvi walimwita Bwana Forodha tokea siku hiyo. Mvua kubwa ilikuja mwezi wa Januari. Nilikuwa nimepelekwa ufukweni na birika la chai, nikayaona yote. Wanaume wamesimama majini na mashati yao mafupi, magumu, yananuka, na baba katikati yao na koti lake. Wimbi moja likapita. Wenziwe walitikisika tu. Koti la baba lilijaa maji, likamvuta kwa magoti, akazama kichwa. Wawili walimtoa kwa kuushika mkanda. Mume wa jirani akampigia kelele, "Livue! Litupe!" Baba alitikisa kichwa. Lile lilikuwa bangili ya mama yake, na mimi nilikuwa pale namtazama. Akabaki nalo mpaka juya lilipofika mchangani, kwani aliyeondoka mapema hakupata samaki. Chai ilipoa mikononi mwangu.

Aliingia nyumbani na nguru wawili, koti linachirizika maji. Bibi alimtazama toka juu mpaka chini.

"Kifungo cha tatu kiko wapi?"

"Kesho nitakwenda kukitafuta, Mama," alisema baba, na meno yake yakigongana hata nikawa siyasikii vizuri maneno.

Hakwenda. Kichomi kilimshika usiku ule, na siku ya tano tukamzika. Jirani alikuwa amemletea mablanketi ya sufu, yote aliyokuwa nayo.

Eda haikuwepo ya mtu kukaa, maana mama alikwisha kutangulia. Matanga yalipokwisha bibi alilifua lile koti, akalikata, akalishona kwa kimo changu. Baridi iliyofuata alinivisha kwa mikono yake. Vifungo vitano na tundu moja.

"Ulilichagua wewe," aliniambia. "Utalivaa wewe."

Nililivaa baridi tatu. Chuoni waliniita maiti. Nikilia, bibi aliukaza mkanda. Na kila nilipolivaa nilijua, kama ninavyojua jina langu, kwamba nilimuua baba yangu kwa maneno manne.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nanunua nguo za harusi yangu, nilipopita kwa yule mwenye duka la mitumba. Alinitambua. Akamwombea baba rehema, kisha akacheka kidogo kwa kukumbuka. Alisema bibi yangu alikuwa mjanja sana, kwani alikuja peke yake asubuhi ya siku ile ile, akalilipa koti lote, akamwambia alirudishe kwenye msumari kana kwamba halijauzwa, na kwamba atakuja nasi alasiri.

Nilimkuta bibi uani anachambua mchele. Nikamweleza nilichosikia. Hakuinua uso.

"Mimi angenikatalia," alisema. "Wewe asingekukatalia."

Akaendelea kuchambua mchele. Aliishi miaka mingi baada ya hapo, nikampikia, nikamwosha, nikamzika kwa heshima zote. Sijamsamehe.

Siku hizi ufukwe wetu wa juya umefunikwa kwa mawe na lami, watalii wanapiga picha pale pale baba aliposimama. Vibanda vya makuti hakuna, mbuzi hakuna, na sifa haipakwi tena na mtu. Nikipita sokoni hunusa kila uchochoro. Napata ubani, udi, manukato ya chupa. Ile harufu ambayo ingemwokoa baba yangu imetoweka, na naitamani kuliko zote.

Mjukuu wangu alikuwa bado ananingoja. Nikamwambia ajaribu lile la buluu kwanza, na alipoingia kwenye chumba cha kubadilishia nikamwita muuzaji, nikafungua mkoba. Alitoka anajigeuzageuza mbele ya kioo.

"Hili, Bibi. Au siyo? Limenikaa."

"Limekukaa," nilimwambia. "Livue. La manjano nimekwisha kulilipa. Na lishike neno langu hili, siku yoyote mtu akikuuliza: nimechagua mimi, si wewe."